Tulivyojifunza Kusoma Biblia Pamoja kwa Simu

Watu wengi wananiuliza tunafanyaje mpaka kundi letu la kusoma Biblia bado liko hai, wakati makundi yao yalikufa kabla hata ya kufika Kumbukumbu la Torati. Huwa najibu kwa kifupi, kisha nabaki najua kwamba sijamsaidia aliyeuliza. Leo naandika kwa kirefu, pamoja na yale yaliyotuuma.

Tulianza kama wanavyoanza wengi. Ulikuwa mwanzo wa mwaka, ari iko juu, tukaamua tutamaliza Biblia nzima ndani ya miezi kumi na miwili. Ukipiga hesabu haionekani ngumu: Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, ukizigawa kwa siku 365 unapata sura tatu na kidogo kwa siku. Mwanzo ilikwenda vizuri, kwa sababu habari za Yakobo na Yusufu zinajivuta zenyewe. Kutoka nayo ilikwenda vizuri mpaka bahari ilipovukwa. Halafu zikaja sura za mapazia ya hema na vitanzi vyake, zikafuata sadaka za Walawi, na watu wakaanza kupungua mmoja mmoja.

Kilichowaondoa hakikuwa uvivu. Aliyekosa siku mbili alikuwa na deni la sura sita au saba. Aliyeuguliwa na mtu nyumbani kwa wiki moja alikuwa na deni la sura zaidi ya ishirini, na mwenye deni la namna hiyo anaona aibu hata kufungua kundi. Wengine waliendelea kuandika "Amina, nimesoma" kila usiku, na baadaye wakasema wazi kwamba walikuwa wanaandika tu ili wasionekane wamerudi nyuma. Nafasi iliyoachwa wazi ikajaa vitu vingine: salamu za asubuhi zenye maua, mahubiri ya kusambazwa yasiyojulikana yametoka kwa nani, matangazo ya mikutano, maombi ya kura. Ujumbe ulikuwa mwingi sana na Biblia ilikuwa kidogo sana. Watu wakazima mlio wa kundi, na kundi lililozimwa mlio na kila mtu limekwisha hata kama halijafungwa.

Mpango wa mwaka mzima unamfaa mtu anayesoma peke yake. Watu wanaokutana wanahitaji kitu cha kukizungumzia, na hakuna mazungumzo ya maana yanayoweza kubeba sura tatu kila siku.

Tulipoanza upya tuliwapigia watu simu mmoja mmoja tukawauliza swali moja: uko tayari kukutana mara moja kwa wiki, kwa saa moja, tusome kitabu kimoja mpaka kiishe? Waliokubali walikuwa wachache na tukaridhika nao. Tukachagua Injili ya Marko. Ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16, na yote ukiisoma kwa sauti bila kukimbia inachukua kama saa moja na nusu. Tukakubaliana kusoma kisa kimoja au viwili kila tunapokutana, kwa simu ya pamoja, sauti tupu bila video. Video inakula bando haraka, lakini pia mama anayenyonyesha au mtu aliyetoka kazini amechoka hapendi kutazamwa. Sauti tupu iliwaruhusu wote waje walivyo.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na kilichoyabadilisha ni kusoma kwa sauti. Tulikuwa tumezoea kila mtu asome kimya kwake kisha aje na maoni. Matokeo yake kila mmoja alikuja na hitimisho lake mkononi, akingoja zamu ya kulitoa. Sasa tunakuja bila kitu. Mmoja anasoma kifungu, wengine wamezima vinasa sauti vyao na wanasikiliza. Kisha mwingine anakisoma tena kwa tafsiri tofauti. Ni mara mbili, kila wiki, hata kama kifungu ni kile ambacho kila mtu anadhani anakijua kwa moyo. Katika Nehemia 8 Ezra anasoma torati mbele ya umati tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na wengine wanapita wakiwafafanulia watu maana yake. Mwishoni mwa Wakolosai Paulo anaagiza barua ile ikishasomwa kwao isomwe pia katika kanisa la Laodikia. Watu wa kwanza waliopokea maneno haya waliyasikia. Wenye nakala mkononi walikuwa wachache mno. Tuna mzee mmoja ambaye macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Wakati wa kundi la maandishi alikuwa kimya kabisa, tukadhani hana la kusema. Tulipoanza kusoma kwa sauti ikaonekana yeye ndiye anayeshika mambo kuliko sisi wote, kwa sababu anasikiliza kwa makini ambayo sisi wenye kutegemea macho tumeipoteza.

Nitatoa mfano mmoja ili ieleweke ninachosema. Tulikuwa Marko 5, Yairo anamwomba Yesu aende haraka kwa binti yake aliye mahututi. Njiani anatokea yule mwanamke mwenye kutokwa na damu, Yesu anasimama, anauliza nani amemgusa. Wote tulikuwa tumehubiriwa habari za imani ya yule mwanamke mara nyingi. Kifungu kiliposomwa mara ya pili mzee wetu akasema, "Huyu mama ameugua miaka kumi na miwili. Na binti ana umri wa miaka kumi na miwili. Mwaka alioanza kuumwa huyu ndio mwaka aliozaliwa yule." Hatukuwa tumeliona. Mama mmoja, ambaye amewahi kukaa na mtoto hospitali usiku kucha, akauliza kwa sauti ya chini, "Na Yairo je? Yeye wakati huo amesimama anafanya nini?" Tukarudi kwenye maandishi. Yairo hasemi neno lolote kutoka pale mwanamke anapotokea mpaka wanapofika watu wa nyumbani kwake kumwambia mtoto ameshakufa. Tukakaa na Yairo saa yote iliyobaki. Baba amesimama, mtoto anakata roho, na Bwana anazungumza na mtu mwingine. Hakuna mahubiri niliyowahi kusikia yaliyonipeleka pale, na yalitoka kwa watu wawili ambao hakuna aliyewahi kuwaita walimu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayeongoza ni aache swali la "umejifunza nini?" mpaka mwishoni kabisa. Likiulizwa mapema linaleta mahubiri madogo madogo, kila mtu la kwake. Anza na maswali ambayo jibu lake limo ndani ya kifungu: nani wapo hapa, nani anamwambia nani, kabla ya hapa kumetokea nini, kipi hukutegemea kukikuta. Ukishauliza, nyamaza. Kimya cha kwenye simu kinatisha kuliko kimya cha chumbani, kwa sababu hujui kama watu wanafikiri au mtandao umekatika. Kiongozi mgeni hujaza kimya hicho kwa kujibu mwenyewe. Vumilia. Karibu kila mara mtu atawasha kinasa sauti na kusema jambo ambalo asingelisema ungemwahi. Maswali yatumwe siku moja kabla, kwa ujumbe mfupi wa maandishi, ili asiye na bando la kutosha siku hiyo aweze kuandika jibu lake na mwingine alisome kwa niaba yake.

Sasa nifike kwenye jambo zito. Lilitokea katika kile kipindi cha kwanza, na bado linaniuma.

Dada mmoja wa kundini alifiwa na mtoto wake. Alituarifu kwa mstari mmoja tu. Ndani ya dakika chache kundi lilijaa aya. Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, ilitumwa na watu kadhaa. Yeremia 29:11, ile ahadi ya mawazo ya amani wala si ya mabaya, ikatumwa ikiwa imeandikwa juu ya picha ya jua linachomoza. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akatuma Ayubu 8:7, ule mstari unaopendwa sana kwenye sherehe na kwenye kuta za maduka, kwamba ijapokuwa mwanzo wako ulikuwa mdogo mwisho wako utaongezeka sana. Yule dada hakujibu chochote. Baada ya muda akatoka kundini bila kuaga. Siku nyingi zilipita ndipo akamwambia mwenzetu mmoja kwamba wiki ile alingoja mtu ampigie simu, na hakuna aliyepiga. Kila mmoja alikuwa ametuma mstari wake na kuona ametimiza wajibu.

Baadaye, utaratibu wetu ulipokuwa umekaa sawa, tulisoma kitabu cha Ayubu. Tulikwenda kwa vipande vikubwa ili tufuate nani anazungumza, kwa sababu ni kitabu cha watu wanaojibizana. Tukafika sura ya 8. Msemaji ni Bildadi Mshuhi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu. Anayeambiwa ni Ayubu, baba aliyefiwa na wana saba na binti watatu kwa siku moja. Dada aliyekuwa anasoma akafika mstari wa 4, ambapo Bildadi anamwambia baba huyo kwamba kama watoto wake walimkosea Mungu, basi Mungu amewaacha wapate malipo ya kosa lao. Mistari mitatu mbele ndipo lilipo lile neno la mwanzo mdogo na mwisho mkubwa. Msomaji alisimama hapo. Hakuna aliyewasha kinasa sauti kwa muda mrefu. Wote tulikuwa tunafikiria kitu kimoja: tulimtumia mama aliyefiwa maneno ya mtu aliyemwambia mzazi mwingine aliyefiwa kwamba wanawe wamekufa kwa dhambi zao. Na kitabu chenyewe hakikutuacha hapo, kwa maana katika 42:7 Mungu anawakasirikia Elifazi na wenzake wawili, Bildadi akiwa mmoja wao, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu.

Mistari mingi tunayoibeba mfukoni ina msemaji, ina aliyeambiwa, ina jambo lililotangulia. Yeremia 29:11 ni sehemu ya barua iliyopelekwa kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na mstari wa 10 unawaambia itachukua miaka 70. Wengi waliosikia barua ile wakisomewa wangezikwa hukohuko. Ndiyo maana mistari ya mwanzo inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji uliowateka. Ahadi inabaki kuwa ahadi, na kwangu imekuwa na nguvu zaidi tangu niijue hivyo, lakini siwezi tena kuituma kwa mtu kama kadi ya pongezi.

Utaratibu wetu wa msiba sasa ni huu: habari ikifika, kundini inaandikwa taarifa yenyewe na majina ya watakaopiga simu au kwenda, basi. Aya hazitumwi. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo. Yule dada hajarudi kundini. Tunazungumza naye, na hatumsukumi.

Jambo jingine lililokaribia kutuvunja ni tafsiri. Wengi wetu tumelelewa na ile Biblia ya Union Version ya 1952, na Kiswahili chake kimetukaa masikioni kama sala. Vijana wetu walipenda tafsiri ya Habari Njema kwa sababu inaeleweka mara moja. Tulikuwa tunazisoma zote mbili kwa amani mpaka ulipoingia ujumbe wa kusambazwa uliosema kwamba Biblia mpya zimekatwa mistari kwa hila, ukiwataka watu wakahakikishe wenyewe: Mathayo 17:21, Mathayo 18:11, Marko 9:44 na 46, Matendo 8:37. Watu wakaenda kuangalia kwenye programu za simu zao, na kweli, katika tafsiri kadhaa namba inaruka. Hofu ikaingia. Mama mmoja akasema hatasikiliza tena kifungu kikisomwa kwa tafsiri nyingine yoyote zaidi ya ile yake.

Kumkemea kusingesaidia. Tulitenga jioni nzima kulizungumza. Namba za mistari ya Agano Jipya tunazozitumia ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551, juu ya maandishi ya Kigiriki yaliyokuwa yanapatikana wakati wake. Baadaye wataalamu walipata nafasi ya kuchunguza nakala za zamani zaidi, kama zile za karne ya 4 zinazoitwa Sinaiticus na Vaticanus, na maneno ya mistari hiyo hayamo humo. Namba zilikuwa zimeshazoeleka, ndiyo maana katika baadhi ya tafsiri pengo linaonekana, na nyingine zimeyatia maneno hayo kwenye mabano au chini ya ukurasa. Ni hivyohivyo kwa mwisho wa Marko: nakala hizo mbili zinaishia 16:8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini kwa hofu. Tukachukua kila mstari uliotajwa na kuuliza, je, mafundisho yaliyomo yanapatikana mahali pengine? Marko 9:44 na 46 ni maneno yaleyale ya mstari wa 48, ambao upo katika tafsiri zote tulizokuwa nazo. Mama yetu alisikiliza. Hakusema amekubali, ila wiki iliyofuata alikuja, na Habari Njema iliposomwa hakukata simu. Kwangu hilo lilitosha.

Kama kundi lako lina watu wa makanisa mbalimbali, jiandaeni mapema. Mkatoliki ana vitabu 73, na akitaja Yoshua bin Sira, kimoja cha vile vya ziada, wengine watadhani amekosea jina. Kwetu tulikubaliana kwamba tunasoma kifungu kilicho mbele yetu na kujibu kinachoulizwa na kifungu hicho. Suala la Sabato, ubatizo wa watoto, hali ya wafu, yote yana siku yake, nayo ni siku ambayo kifungu chenyewe kinayaleta. Na yakija, yanazungumzwa kwa sauti. Tumeona mara nyingi watu walewale wanaotukanana kwa maandishi saa tano usiku wakizungumza kwa heshima wakisikilizana sauti. Maandishi hayana pumzi wala kusita. Unasoma ujumbe wa mwenzio kwa ukali ulionao wewe moyoni. Kwa hiyo mjadala ukianza kundini kwa maandishi, msimamizi anaandika tu, "Hili tutalizungumza tukikutana," na linaishia hapo.

Lipo na la usalama, na hili lisichukuliwe kwa wepesi. Zamani kiungo cha kujiunga kilikuwa wazi, kila mtu akimpa mwenzake. Akaingia mtu mwenye maneno matamu, akajitambulisha kuwa mtumishi, na baada ya muda akaanza kuwaandikia watu faraghani, hasa wajane na wazee, akiwaambia ameonyeshwa jambo juu yao na kwamba wapande mbegu ya fedha ili lifunguke. Mwenzetu mmoja alituma fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya dawa. Hazikurudi. Tangu hapo anayeingia lazima afahamike kwa mtu aliyemo, namba za wasimamizi zinajulikana, na mgeni anaambiwa siku ya kwanza kabisa kwamba kundi hili halichangishi fedha kwa siri na kwamba akiandikiwa faraghani kuhusu fedha atuambie mara moja. Mambo ambayo mtu anayasema kuhusu ndoa yake au ugonjwa wake hayapigwi picha wala kurekodiwa. Tunarekodi usomaji peke yake, kwa ajili ya waliokosa, mazungumzo hayarekodiwi.

Uongozi tunapokezana, kila kitabu na kiongozi wake. Saa ikiisha tunafunga hata kama mazungumzo ni matamu, kwa sababu kuna watu wanaoogopa kuja wakijua hawataachiwa. Na anayenyamaza kwa wiki kadhaa anapigiwa simu na mtu mmoja, kuulizwa hali yake. Haulizwi kwa nini hajasoma.

Kama unataka kuanza na hujui pa kuanzia, usianze hata na Marko. Anza na Filemoni. Ni sura moja, mistari 25, inasomwa kwa sauti kwa dakika chache, na iliandikiwa watu waliokuwa wakikutana nyumbani kwa mtu. Isomeni mara mbili, kisha uliza swali hili: Paulo anamwomba Filemoni afanye nini hasa? Amsamehe tu mtumwa wake Onesimo? Amwache huru? Amrudishe kwa Paulo gerezani amhudumie? Angalieni mstari wa 13, wa 16 na wa 21, na msiruhusu mtu ajibu bila kutaja mstari anaoutegemea. Sisi saa yote iliisha hapo bila kukubaliana, na wiki iliyofuata tukaendelea kuanzia mstari wa 18, pale Paulo anaposema deni lote la Onesimo liandikwe juu yake.